Haibridi na gari la umeme: mfuko unafaidika, au hewa?

Jirani yangu ni mwalimu wa sekondari. Mwaka jana aliagiza Japani gari dogo la haibridi, lililotumika, na miezi ya mwanzo alikuwa haishi kulisifia. Anatoka Mbezi, anakwenda Kariakoo, anarudi, na mshale wa mafuta uko palepale. "Hili halinywi mafuta, linanusa," aliniambia. Mwezi wa saba taa nyekundu ikawaka, na injini ikaanza kuunguruma muda wote, hata kwenye foleni, kama gari lingine lolote.

Tulikwenda gereji pamoja. Fundi hakugusa boneti. Alifungua mlango wa nyuma, akang'oa kiti cha abiria, akachomoa kifeni cha duara kisichozidi kiganja. Kilikuwa kimevaa koti zima la vumbi, nywele na nyuzi za zulia. "Mwalimu," akasema, "gari hili linapumulia hapa. Umeliziba pua." Mwalimu alikuwa na mazoea ya kuegemeza mfuko wa madaftari kando ya kiti, palepale penye kitundu cha kuvutia hewa. Betri iliyo chini ya kiti ilikuwa imechemka siku nyingi bila mtu kujua, na seli mbili zilikuwa zimekufa.

Watu wengi wanaoniuliza kama haibridi au gari la umeme "lina faida" wanataka jibu la ndiyo au hapana. Sina. Nilicho nacho ni hiki: kwa upande wa hewa na mazingira, sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu nzuri za kuyapenda magari haya, pengine kuliko hata baadhi ya nchi zinazoyatengeneza. Mashaka yako kwenye mfuko wa dereva, na karibu yote yamekalia kitu kimoja, nacho ni umri wa betri siku unayolinunua gari.

Kwanza tutenganishe majina, maana hapo ndipo wengi wanapopigwa. Haibridi ya kawaida, kama Prius ambayo Toyota ilianza kuiuza Japani mwishoni mwa 1997, au Aqua zilizojaa mitaani kwetu, haichomekwi popote. Dalali akikuambia "linajichaji lenyewe" hajadanganya, ila amekuachia nusu ya habari. Kila tone la nguvu ndani ya gari hilo limetoka kwenye petroli uliyoweka. Linachofanya ni kutoacha nguvu hiyo ipotee. Gari la kawaida ukikanyaga breki, mwendo wote ulioulipia kwenye kituo cha mafuta unageuka joto kwenye pedi na kuyeyukia hewani. Kwenye haibridi, ukikanyaga breki mota inageuka jenereta, inazuia magurudumu na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Ukiondoka kwenye taa, mota hiyohiyo inakusukuma mita za kwanza, injini ikiwa imelala. Gari la umeme tupu, kama Nissan Leaf, halina injini wala tangi. Katikati ya hayo mawili kuna haibridi ya kuchomeka, yenye tangi na tundu la chaji pia.

Hiyo ya kuchomeka nitaipitia haraka, kwa kuwa kwetu ni chache na sifa zake zimekuzwa. Kwenye makaratasi inatoa moshi kidogo sana. Barabarani ni hadithi nyingine. Tume ya Ulaya ilitoa takwimu 2024 zilizotokana na vipimo vya magari yenyewe yakiwa kwa wenye nayo, zikaonyesha haibridi za kuchomeka hutoa kabonidayoksaidi mara tatu na nusu ya ile iliyoandikwa kwenye vyeti vyao. Sababu haina siri: watu hawachomeki. Wanaendesha kwa petroli huku wamebeba betri nzito kama mzigo.

Turudi kwenye haibridi ya kawaida. Kwa jinsi inavyofanya kazi, faida yake inategemea breki. Ukikaa foleni ya Ubungo au Mbagala, au ya Mombasa Road kule Nairobi, unasimama na kuondoka mara mia, na kila mara injini ya kawaida inakula mafuta bila kukupeleka popote. Hapo haibridi inang'ara. Toka Dar kwenda Dodoma kwa mwendo ulionyooka, tofauti inapungua sana, kwa sababu hakuna cha kuokoa. Vibao vya 50 kila kijiji vinakurudishia kidogo, na huenda hiyo ndiyo faida pekee ambayo dereva amewahi kuipata kwenye vibao hivyo.

Sasa hesabu. Bei ya petroli Tanzania hutangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na hupanda na kushuka, hivyo nachukua shilingi 3,000 kwa lita ili tusisumbuane. Chukua mtu anayeendesha kilomita 15,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa za mjini. Gari la petroli la cc 1500 linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 1,250, yaani milioni 3.75. Haibridi ya kilomita 20 kwa lita itakunywa lita 750, milioni 2.25. Umeokoa milioni moja na nusu. Gari dogo la umeme linahitaji kama uniti 19 (uniti moja ni kilowati-saa moja) kwa kilomita 100, ukihesabu na zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa mtu wa LUKU anayepata uniti 28 kwa shilingi 10,000, mwaka mzima utamgharimu kama milioni moja na elfu ishirini.

Tofauti hiyo haitokani na ruzuku wala uchawi. Lita moja ya petroli ina nguvu inayolingana na takriban uniti 9 za umeme. Injini inapeleka kwenye magurudumu kama robo tu ya nguvu hiyo, na nyingine inatoka kwa joto kupitia rejeta na ekzosi. Mota ya umeme inapeleka zaidi ya asilimia 80. Kwa hiyo nguvu ileile inayolipeleka gari la kawaida kilomita 12, gari la umeme linatembelea karibu 50.

Mpaka hapo umeme umeshinda. Lakini hesabu ya mafuta ndiyo anayokufanyia muuzaji. Ya betri utajifanyia mwenyewe.

Betri ya haibridi nyingi za zamani si kitu kimoja. Prius ya kizazi cha tatu ina moduli 28 zilizopangwa kama vitabu rafuni. Aqua ina 20. Mafundi wetu huziita seli. Moja ikifa, kompyuta ya gari inalalamika na betri nzima inakataa kazi. Fundi mjuzi atapima moja moja, atoe iliyokufa, aweke nyingine aliyoichomoa kwenye gari lililogongwa. Hilo linafanyika, na ni nafuu kuliko kununua betri nzima. Tatizo ni kwamba seli zote zilizaliwa siku moja, zikala joto lilelile kwa miaka ileile. Ukizika moja leo, nyingine iko njiani. Ndiyo maana wenye haibridi hugawanyika makundi mawili yasiyosikilizana: aliyepata betri nzima anakuambia hajawahi kuona gari la maana kama hili, na aliyepata iliyochoka anakuambia ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kuna mambo haibridi inakupunguzia, na ni haki kuyataja. Kwenye mfumo wa Toyota hakuna stata wala altaneta ya kuharibika, na pedi za breki hudumu mno kwa sababu kazi kubwa ya kuzuia gari inafanywa na mota. Vitu vinavyoharibika ni vichache. Ila kikiharibika kimoja, inveta kwa mfano, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, hakina bei ya kubembeleza, na hakifai fundi wa kubahatisha. Zile nyaya nene za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua.

Na masega, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi, kwenye haibridi yana madini ya thamani kiasi cha kuwavutia wezi wa mataifa yote. Ukiletewa gari ambalo limeng'olewa masega yake njiani, habari za kulinda mazingira uziweke pembeni.

Kwa gari la umeme tupu, umri wa betri unauma zaidi kwa kuwa hakuna petroli ya kukuokoa. Leaf za kwanza, zilizotoka mwishoni mwa 2010, zilikuwa na betri ya uniti 24 na zikiwa mpya zilikwenda kilomita 120 hivi. Betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza, inategemea hewa, na joto ndilo adui mkubwa wa betri za lithiamu. Kwenye dashibodi kuna vipau 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Kikipotea cha kwanza, ujue betri imeshapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake. Gari la namna hiyo lililopoteza theluthi linabaki na kilomita 80. Mtu wa Kibaha anayefanya kazi Posta, kwenda na kurudi ni kama kilomita 80. Akiwasha kiyoyozi, atamalizia safari kwa kusukumwa.

Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, na kwa upande wa betri kanuni hiyo imekuwa ngao bila kukusudiwa. Tanzania haizuii, inatoza ushuru wa ziada wa uchakavu. Kwa kuwa gari kuukuu huwa na bei ndogo ya kuanzia, wengi hulipa ushuru na bado wakaona wamepata. Kwa gari la petroli mara nyingi wanakuwa wamepata kweli. Kwa gari la betri wananunua kiporo.

Kisha kuna suala la wapi utachaji. Soketi ya kawaida ya ukutani hutoa uniti mbili na ushei kwa saa, kwa hiyo kujaza betri ndogo ni usiku mzima, umeme usipokatika. Mwenye nyumba yake na uzio hana shida. Sasa fikiria nyumba ya kupanga, mita moja, wapangaji sita wanachangia LUKU. Kunapiganwa vita kila mwezi kwa sababu ya pasi na jiko la sahani moja. Jaribu kutoa waya dirishani uchaji gari. Familia iliyo kwenye bei nafuu ya D1, ile ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ingemaliza mgao huo kwa kuchaji gari mara tatu, kisha ikapandishwa bei. Wanaoandika kwamba umeme ni mkombozi wa mwananchi wa kawaida aghalabu wanaandika wakiwa na geti.

Huo ndio upande wa mfuko. Upande wa hewa ni tofauti, na hapa nitawapinga wanaosema gari la umeme ni kuhamisha moshi tu kutoka ekzosi kwenda kwenye mtambo. Hoja hiyo ina ukweli, lakini si kila mahali, na kwetu ukweli wake ni mdogo.

Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za kabonidayoksaidi. Yule dereva wetu wa kilomita 15,000 anatoa karibu kilo 2,900 kwa mwaka akiwa na gari la petroli, na kilo 1,700 akiwa na haibridi. Akiwa na gari la umeme, inategemea uniti zake zimetoka wapi. Umeme wa makaa ya mawe hutoa kama kilo moja kwa uniti, na kwa uniti 2,850 anafikia kilo 2,850. Sawasawa na gari la petroli! Afrika Kusini, ambako umeme mwingi bado ni wa makaa, mtu mwenye haibridi nzuri anachafua hewa kidogo kuliko mwenye gari la umeme. Umeme wa gesi hutoa kama nusu ya ule wa makaa, na hapo gari la umeme linaishinda haibridi, ingawa si kwa mbali.

Kenya, kwa upande wake, inapata takriban asilimia 90 ya umeme wake kutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Tanzania ilitegemea sana gesi ya Songosongo na Mtwara, mpaka mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji ilipoanza kuingia mmoja mmoja kuanzia 2024: tisa kwa jumla, megawati 2,115. Kwa umeme wa namna hii kilo za dereva wetu zinashuka hadi sehemu ndogo sana ya zile za petroli. Na Kenya kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Usiku watu wakilala, mahitaji hushuka, na mvuke wa Olkaria, ambao hauwezi kufungwa kama bomba, mwingine huachwa uende zake hewani. Mamlaka ya nishati ya huko iliweka 2023 bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na 8 kwa saa ambazo matumizi yako chini, kabla ya kodi na tozo. Anayechaji usiku wa manane anatumia nguvu ambayo ingepotea.

Betri nayo haitengenezwi bure. Kutengeneza ya uniti 40 kunatoa tani kati ya mbili na nusu na nne za kabonidayoksaidi kabla gari halijatembea hata hatua. Ni deni. Kwa umeme safi na kilomita 15,000 kwa mwaka, linalipika ndani ya mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Kwa umeme wa makaa halilipiki kabisa. Na gari likikaa uani wiki nzima likisubiri harusi ya Jumamosi, deni linakaa nalo.

Halafu kuna Kolwezi. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yaliyomo kwenye betri nyingi za lithiamu, inatoka Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga, kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Sehemu yake inachimbwa kwa sululu na wachimbaji wa mikono kwenye mashimo yasiyo na nguzo, na watoto wameonekana humo. Hakuna hesabu ya kilo za moshi inayoweza kulifuta hilo. Ila tuseme mambo mawili. Kobalti haikuanza na gari la umeme. Iko kwenye simu unayoshika, na viwanda vya mafuta huitumia pia kuondolea salfa. Pili, betri za chuma na fosfati, ambazo sasa zimo kwenye mabasi na magari mengi ya Kichina, hazina kobalti wala nikeli hata chembe. Hiyo ni habari njema kwa mazingira, na si lazima iwe njema kwa Ngara, ambako watu wamesubiri miaka na miaka mgodi wa nikeli wa Kabanga.

Wanaouliza betri hizi zikifa zitatupwa wapi, wanauliza swali la maana, lakini tungelianza mapema. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri za kawaida za risasi, hizihizi za kuwashia gari la petroli, kiliwatia sumu watu wa mtaa mzima, na kesi yake ikazunguka mahakamani kwa miaka. Wala hakukuwa na gari la umeme hata moja hapo.

Sasa nani anafaidika pande zote mbili, mfuko na hewa? Kwa maoni yangu si mwalimu wala mimi. Chukua bodaboda. Tuseme anatembea kilomita 120 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, pikipiki inakwenda kilomita 40 kwa lita. Ni lita 900. Gari la mtu wa mapumziko ya wiki, kilomita 5,000 kwa mwaka, halifiki lita 420. Ile pikipiki ndogo inayotupita kwenye foleni inachoma zaidi ya mara mbili, hivyo kuigeuza iwe ya umeme kunaleta faida zaidi ya mara mbili. Kigali wameliona hilo: tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya abiria haisajiliwi mjini humo kama si ya umeme. Na mfumo uliosambaa kule na Nairobi ni wa kubadilishana betri. Dereva anafika kituoni, anachomoa iliyokwisha, anachomeka iliyojaa, anaondoka kabla abiria hajamaliza kujibu ujumbe kwenye simu. Betri si yake. Ikichoka, hasara ni ya kampuni. Lile jambo nililosema linakalia mfuko wa dereva limeondolewa mabegani mwake.

Serikali nazo zina hesabu yao. Petroli tunainunua kwa dola, maji ya Rufiji hapana, na Ethiopia ilipozuia kuingiza magari ya mafuta mwanzoni mwa 2024 gharama hiyo ya fedha za kigeni ilikuwa sababu kuu. Kwa upande mwingine, barabara zetu zinatengenezwa kwa tozo iliyo ndani ya bei ya mafuta; Kenya ni shilingi 25 kwa kila lita. Mwenye gari la umeme halipi hiyo. Wakiwa wachache hakuna anayejali. Wakiongezeka, tozo itawafuata kwenye umeme au kwenye leseni, kwa hiyo anayepiga hesabu ya miaka kumi asiyachukue manufaa ya leo kama ya kudumu.

Ukiamua kununua, usipime kilomita kwenye dashibodi, zinarudishwa. Mpeleke fundi mwenye mashine asome betri seli kwa seli, au vipau kama ni Leaf, kabla hujatoa hata shilingi ya posho kwa dalali. Akigoma kupimiwa, umeshapata jibu.

Mwalimu alibadilishiwa seli mbili, na bili ikala akiba ya mafuta ya miezi yote aliyokuwa akijisifu. Bado analipenda gari lake. Kila baada ya wiki mbili anasafisha kitundu cha hewa kwa brashi ya kupakia rangi, na mfuko wa madaftari siku hizi unasafiri kiti cha mbele, umefungwa mkanda, maana usipofungwa gari linapiga kelele toka Mbezi hadi Kariakoo.